Bibi ameniambia jembe hili halikuwahi kulima: je, nibadilishe kadi yake?

Mwanafunzi_Nyanda aliandika:

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wenzangu wote.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa historia na urithi wa utamaduni, na Ijumaa iliyopita nilimaliza wiki ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo katika makumbusho ndogo ya historia ya mahali, huku Nyanda za Juu Kusini. Sitaitaja kwa jina kwa kuwa sijaomba ruhusa ya kuizungumzia hadharani. Ina vyumba vitatu vya maonyesho, ghala moja, mhifadhi mmoja ambaye ndiye msimamizi wangu, na mama mmoja anayekata tiketi na kuwaongoza wageni. Naomba ushauri kuhusu jambo lililotokea siku hiyo ya Ijumaa, lakini inanibidi kwanza nieleze jinsi lilivyonifikia.

Nilidhani ningepewa kazi ya kutembeza wageni. Badala yake, Jumatatu asubuhi nilikabidhiwa rejista, daftari kubwa lenye jalada gumu ambamo kila kifaa kilichoingia kimeandikwa kwa mkono, pamoja na sanduku la kadi, nikaagizwa nilinganishe daftari, kadi na vitu vyenyewe vilivyomo kwenye rafu. Kwa siku tatu sikufanya kazi nyingine. Kila kifaa kina namba ya sehemu tatu: mwaka kilipopokelewa, zamu ya mapokezi katika mwaka huo, na nafasi ya kifaa ndani ya kundi lililoletwa kwa pamoja. Nilipouelewa mpango huo nilianza kuipenda kazi. Kilichonihuzunisha ni safu ya maelezo, kwa sababu kadi nyingi zina neno moja au mawili tu: "Kigoda." "Chungu." "Ngoma kubwa." Nafasi ya kuandika kifaa kilitoka kijiji gani na kwa nani imeachwa wazi, ukurasa baada ya ukurasa, na waliokuwa wakijua majibu wengi wao wameshafariki.

Jumatano nilifanya kosa ambalo bado linaniuma. Nilitoa kabatini jembe la chuma lililofuliwa kwa mkono, bapa kama jani la moyo, lenye mkia mrefu wa kuchomekwa kwenye mpini. Lilikuwa na kutu kidogo na weusi fulani uliojaa katika vishimo vya nyundo, nami nikadhani ni uchafu, nikachukua kitambaa chenye maji na kuufuta upande mmoja. Msimamizi wangu aliniona, akanizuia, akalikausha jembe papo hapo. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba katika ghala mtu hasafishi kitu kabla ya kujua anachokiondoa.

Ijumaa mchana alikuja bibi mmoja kutoka upande wa Ludewa akiwa na wajukuu wake wawili. Alisimama muda mrefu mbele ya kabati lenye jembe hilohilo, kisha akaniuliza: "Mjukuu wangu, ni nani aliyesema hili ni la kulimia?" Nikamwonyesha lebo. Akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba mama yake alipoolewa, upande wa mwanamume ulileta majembe ya namna hii, yakahesabiwa mbele ya wazee, kisha yakapandishwa darini jikoni. Hapo yalikaa mpaka mjomba wake alipofikia umri wa kuoa, ndipo yakateremshwa na kupelekwa kwa wakwe wa huyo mjomba. "La kulimia lilikuwa jingine," alisema. "Hili lilikuwa la watu."

Baada ya kufunga, mimi na msimamizi tulilitoa jembe na kuliangalia chini ya taa. Makali yake hayajalika hata upande mmoja, na mkia wake bado una alama za nyundo mpaka nchani, wakati jembe lililokaa kwenye mpini kwa misimu kadhaa lingesuguliwa pale. Kadi inasema hivi tu: "Jembe la kulimia. Chuma. 1987.6.2."

Msimamizi ameniomba nimwandikie pendekezo kabla ya Jumatano. Je, nifute maneno "la kulimia" na kuandika "la mahari"? Je, neno la bibi mmoja linatosha kuishinda rejista iliyodumu miaka yote hii? Naogopa kuandika kosa jipya juu ya kosa la zamani, na naogopa vilevile kuyaacha maneno ya bibi yapotee.

---

Mstaafu_wa_Ghala alijibu:

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi ya mikusanyo kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu, na nimelisoma swali lako mara mbili.

Kwanza kabisa, usifute chochote. Kadi na rejista navyo ni ushahidi, hata vinapokosea, kwa sababu vinaonyesha mtu aliyekipokea kifaa alikiona kuwa nini siku ile. Anayesahihisha rejista hupiga mstari mmoja juu ya maneno ili yaendelee kusomeka, huandika pembeni maelezo mapya kwa wino usiofutika, huweka tarehe na kutia saini. Kwa jambo lenu nisingepiga hata huo mstari kwa sasa. Ningeongeza kadi ya pili nyuma ya ile ya kwanza na kuipa kichwa "Maelezo ya mdomo".

Katika kadi hiyo andika maneno ya bibi kama alivyoyatamka, bila kuyanyoosha ili yafanane na lugha ya vitabu. Kama kuna jina la jembe hilo kwa lugha ya nyumbani kwake, liandike jina hilo kwanza na tafsiri baadaye, kwa kuwa mara nyingi jina ndilo linalobeba matumizi. Andika ni nani aliyesema, umri wake kwa kukadiria, anatoka kijiji gani, alijuaje, na ni nani aliyekuwepo. Tenganisha kabisa alichokiona kwa macho yake na alichosimuliwa na mama yake, maana vyote viwili vina thamani lakini havina uzito mmoja. Muulize pia kama anaridhia jina lake lionekane na wageni, au libaki ofisini. Halafu, katika sehemu nyingine ya kadi, andikeni mlichokiona ninyi: makali hayajalika, mkia una alama za nyundo. Hayo hayamtegemei bibi wala rejista, na mtu mwingine anaweza kuja kuyahakiki.

Sasa nizungumzie ule weusi. Jikoni kwa wazee wetu moto uliwaka chini ya dari, na kitu kilichokaa juu kwa miaka mingi kilishika masizi. Moshi na joto la moto huo viliikinga mbegu dhidi ya wadudu na kukikinga chuma dhidi ya kutu. Kama weusi ulioufuta ulikuwa masizi, basi ulikuwa ni shahidi wa maneno ya bibi kabla hujakutana naye. Sikuambii hivi ili uumie zaidi. Nakuambia ili uende ukauangalie upande ambao hukuufuta, uupige picha kwa ukaribu ukiwa umeweka rula pembeni, na uandike katika ripoti ya hali ya kifaa kwamba upande wa pili ulifutwa kwa kitambaa chenye maji, tarehe fulani, na nani. Weka jina lako. Mtafiti atakayekuja miaka 20 ijayo akiukuta upande mmoja mweusi na mwingine mweupe ataweza kujenga hoja nzima juu ya tofauti hiyo, kumbe chanzo ni kitambaa chako.

Kuhusu utunzaji, chuma kishikwe kwa glavu kwa sababu jasho la mkono lina chumvi, na chumvi huita kutu. Vumbi liondolewe kwa brashi laini kavu. Hifadhini mahali pakavu kadiri inavyowezekana, na kama mnaweza kupata silika jeli, zile chembe zinazofyonza unyevu, wekeni jembe ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko pamoja na pakiti zake, mkikumbuka kuzikausha upya zinapolowa. Namba isiandikwe moja kwa moja juu ya chuma wala kubandikwa kwa selotepu. Pakeni kwanza tabaka jembamba la vanishi inayoweza kuondolewa baadaye, andikeni juu yake, kisha funikeni kwa tabaka jingine.

Na swali moja kwako, mwanangu, kwa kuwa umesema namba zilikufurahisha. Jembe lako ni 1987.6.2. Je, 1987.6.1 ni kitu gani, na je, kuna 1987.6.3?

---

Mwalimu_Iringa alijibu:

Nakubaliana na mzee hapo juu, ila ninataka kuongeza tahadhari moja, kisha nieleze kwa nini jambo hili si dogo kama linavyoweza kuonekana kwa mtu anayeona ni jembe tu.

Tahadhari yenyewe ni kwamba bibi amesimulia desturi ya nyumbani kwao, na inaaminika kabisa, kwa sababu katika sehemu nyingi za bara majembe ya chuma yalitumika kulipia mahari na kubadilishana mali. Wahunzi wa Upangwa na Ukinga walifua majembe yaliyofika mbali na milima yao, na huko Ludewa ndiko uliko mlima Liganga wenye mawe ya chuma. Hata hivyo, jembe lililotolewa mahari lingeweza baadaye kutiwa mpini na kulima, na jembe jipya la kulimia lingeweza kubaki bila kutumika kwa sababu nyingine, kwa mfano baada ya majembe ya kiwandani yenye tundu la mpini kuletwa kutoka Ulaya na kuwa rahisi kupatikana. Makali yasiyolika yanathibitisha kwamba jembe halikulima. Hayathibitishi yenyewe kwamba lilitolewa mahari. Tafuta mzee wa pili, mmuulize akiwa peke yake, na usimwambie alichosema wa kwanza. Usimuulize "Je, hili ni la mahari?" Mwonyeshe picha na umuulize "Hiki ni nini?", kisha unyamaze.

Sasa kwa nini ninasema si dogo. Kila mwaka ninawapeleka wanafunzi wangu Kalenga, kilomita chache kutoka mjini Iringa, kuliona fuvu la Mkwawa. Wanafunzi wanaijua habari ya Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikivamia kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Wanajua pia kwamba mwaka 1898 Mkwawa alijipiga risasi asikamatwe, na kwamba kichwa chake kilikatwa. Wasichokijua mpaka niwaambie ni habari ya lebo. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi 6, lakini halikukabidhiwa. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipolifuatilia katika makumbusho ya Bremen miaka ya 1950, alikuta mkusanyo wa mafuvu takribani 2,000, na kati yake 84 yalitoka katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Ilibidi vipimo vya mafuvu hayo vilinganishwe na vya ndugu wa Mkwawa walio hai, na kati ya yaliyokaribiana likachaguliwa lenye tundu la risasi. Hilo ndilo lililokabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa mwaka 1954.

Ninapofika hapo darasa zima hunyamaza, na mimi mwenyewe hunyamaza. Mtu aliyekuwa mtawala, mwenye jina, mwenye watoto na ukoo, alitafutwa kwa rula kati ya wengine 83 kutoka kwetu, nao pia walikuwa na majina na watoto. Waliowachukua waliandika walikotoka, lakini hawakuona haja ya kuandika ni akina nani. Ndiyo maana, ndugu mwanafunzi, ninaposikia kwamba umekasirishwa na safu tupu katika daftari la makumbusho ndogo, ninafurahi sana kwamba umekasirika.

---

Binti_wa_Lamu alijibu:

Salamu nyingi kutoka Lamu. Nami niliwahi kufanya mafunzo kama yako pwani ya Kenya, na ningependa kuliangalia jambo hili kwa upande wa mgeni anayeingia na kusoma lebo.

Katika makumbusho ya Lamu imo siwa ya Pate, ile iliyochongwa kwa pembe za ndovu. Kama lebo ingesema "Baragumu. Pembe za ndovu", kila neno lingekuwa kweli, na mgeni angeondoka bila kujua lolote. Siwa haikupulizwa na kila mtu wala kila wakati. Ilikuwa ni alama ya utawala, ikapulizwa katika arusi na sherehe nyingine za wenye mji. Uzuri wa mchongo unaonekana kwa macho, lakini ni nani aliyekuwa na haki ya kusikia siwa ikilia kwenye arusi yake, hilo macho hayalioni. Lazima mtu aseme, na mwingine aandike. Jembe lenu liko katika hali hiyohiyo.

Kwa hiyo mimi naona msisubiri mpaka uhakika ukamilike ndipo mbadilishe lebo ya kabatini. Kadi ya ofisini ifuate utaratibu aliouleza mzee, pole pole, kwa saini na tarehe. Lebo ya wageni yaweza kubadilishwa mapema na kusema wazi kwamba rejista inaliita jembe la kulimia, na kwamba bibi mmoja wa Ludewa amelitambua kuwa jembe la mahari. Wageni wenu wengi ni watu wa hapohapo. Akija mwingine mwenye kujua zaidi, ataona kwamba neno la mwenzake limepewa nafasi, naye atasema la kwake. Lebo inayojifanya inajua kila kitu huwanyamazisha wazee. Nimeliona hilo kwa macho yangu: mzee anasoma, anaguna, anapita, wala haulizi.

Jambo la mwisho. Usimwite bibi ofisini kuja kuhojiwa. Nenda kwake, na usiende mikono mitupu. Peleka sukari au sabuni, mwamkie, keti, na uache mazungumzo yaanze na habari za wajukuu. Baada ya kuandika, msomee ulichoandika kabla hujaondoka, ili akusahihishe. Hayo ni maneno yake kabla hayajawa mali ya makumbusho.

---

Mwanafunzi_Nyanda aliandika:

Wakubwa zangu, nawashukuru sana. Naleta mrejesho, kwa kuwa wiki ya pili imekwisha.

Mzee, uliniuliza kuhusu 1987.6.1, na nilikimbilia daftari usiku uleule kwenye picha nilizopiga kwa simu kwa idhini ya msimamizi. Mapokezi ya sita ya mwaka 1987 yana mistari minne, na yote minne inasema "Jembe". Mimi niliyeifurahia namba kwa kuwa inaonyesha vitu vilivyokuja pamoja sikuwa nimetazama hata mara moja ni akina nani waliokuja na jembe hili. Jumatatu tuliyatafuta. Moja lilikuwa kwenye rafu ya zana za kilimo, moja katika boksi la vyuma chakavu vya utawala wa kikoloni pamoja na kufuli na pingu, na la nne tulilipata chini kabisa ya kabati, limefungwa katika gazeti. Yote ni ya umbo moja, karibu uzito mmoja, na hakuna hata moja lililolika makali. Lile la kwenye gazeti halijaguswa na mtu tangu lifungwe, na vishimo vyake vya nyundo vimejaa weusi uleule. Msimamizi ameuchukua kidogo kwa pamba kavu na kuuhifadhi katika kichupa chenye namba, kwa ajili ya siku itakapopatikana maabara ya kuupima. Upande nilioufuta nimeuandika katika ripoti ya hali ya kifaa, kwa jina langu.

Mwalimu, tulimpata mzee wa pili, mwanamume, kutoka kijiji kingine. Tulimwonyesha picha ya jembe moja na kumuuliza ni nini, kisha tukanyamaza kama ulivyosema. Alisema ni jembe la kuposea, lakini akaongeza kwamba kwao mengine yalitiwa mpini baadaye, mwenye nyumba akipenda. Kwa hiyo ulichoniasa kimetokea, na nimekiandika katika kadi yake mwenyewe bila kukilinganisha na cha bibi.

Kwa bibi tulikwenda Alhamisi, mimi na msimamizi, na kilo mbili za sukari. Nilimsomea maneno yake yote. Alisahihisha mahali pamoja: nilikuwa nimeandika kwamba majembe "yalilipwa", naye alisema hapana, majembe "yalisimama", kwa sababu mke halipiwi, na majembe yale yalisimama badala ya binti aliyeondoka nyumbani mpaka binti mwingine aingie. Nikalikata neno langu kwa mstari mmoja, nikaandika lake juu, nikaweka tarehe. Ameridhia jina lake liandikwe ofisini, lakini kwenye lebo anataka liandikwe jina la mama yake.

Tulipomweleza kwamba yapo manne, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama tunayaweka pamoja. Nilikosa jibu. Msimamizi wangu ndiye aliyejibu kwamba kufikia Jumatatu yatakuwa pamoja, na leo jioni, kabla sijaketi kuandika haya, tumemaliza kuyapanga katika kabati moja.